Farasi Mwenye Mbio Zaidi: Je, Henry Ford Aliyasema Maneno Haya? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mara nukuu hii inapozunguka mitandaoni. Mwenye haraka asome la 2 na la 6. Anayetaka kuchunguza nukuu nyingine aanzie la 10.

## Mambo ya msingi

1. Nukuu yenyewe inasemaje?

Kwa Kiswahili huwa hivi: “Lau ningewauliza watu wanataka nini, wangeniambia wanataka farasi mwenye mbio zaidi.” Hubandikwa chini ya picha ya Henry Ford, mtengenezaji magari wa Marekani (1863–1947), na hutumiwa kuonyesha kwamba mvumbuzi wa kweli hana haja ya kumsikiliza mteja.

Mahali pengine farasi ni mmoja, pengine ni wengi. Pengine walioulizwa ni “watu”, pengine ni “wateja”. Tofauti hizo si jambo dogo. Nukuu iliyotoka kwenye kitabu au hotuba iliyoandikwa huwa na umbo moja la asili, na matoleo mengine yanaonekana wazi kuwa yamekatwa humo. Hii haina umbo la asili.

2. Kwa kifupi, aliyasema au hakuyasema?

Hakuna ushahidi wowote kwamba aliyasema. Ford hakuwa mtu wa kujificha. Alitoa vitabu kwa jina lake, akahojiwa na magazeti miaka nenda miaka rudi, na nyaraka zake nyingi zimehifadhiwa Dearborn, Michigan, kwenye makumbusho yanayoitwa kwa jina lake. Wahifadhi wa huko wameulizwa habari za farasi huyu mara nyingi, na hawajamwona kwenye karatasi zao. Ford alifariki Aprili 1947. Sentensi hii inaanza kuonekana kama maneno yake baada ya nusu karne na zaidi.

Kama kukosekana kwa ushahidi kunatosha kusema “hakusema”, tazama swali la 15.

3. Basi ni kitu gani alichokisema kinachokaribiana na hiki?

Kipo, na ni kizuri kuliko nukuu yenyewe. Katika *My Life and Work*, kitabu cha 1922 alichokiandika pamoja na Samuel Crowther, Ford anasimulia jinsi wauzaji wake walivyotaka aongeze aina za magari ili wauze zaidi. Anawalaumu kwamba waliwasikiliza wateja asilimia 5, wale wateja maalumu walioweza kusema wanachotaka, wakawasahau asilimia 95 walionunua bila makelele.

Soma tena taratibu. Hapo Ford hasemi kwamba watu hawajui wanachotaka. Anasema wenye sauti ni wachache, na walio wengi hawasemi ila wananunua. Ni hoja tofauti kabisa, na kwa anayefanya biashara naona ina manufaa zaidi. Lakini haina farasi, na pengine ndiyo maana haikuvuma.

4. Na ile ya “rangi yoyote mradi iwe nyeusi”?

Hiyo imo kwenye kitabu hicho hicho. Ford anasema kwamba mwaka 1909 alitangaza kuwa kampuni itatengeneza gari moja tu, Model T, na kila mteja atapakiwa gari lake rangi yoyote anayoitaka mradi iwe nyeusi.

Ila hapa pana funzo. Model T za miaka ya mwanzo ziliuzwa kwa rangi nyingine, na weusi mtupu ulikuja 1914. Kwa hiyo tuna hakika kwamba Ford *aliandika* mwaka 1922 kuwa *alisema* hivyo mwaka 1909. Kama aliyatamka kweli asubuhi ile ni jambo jingine. Ukiinukuu, taja kitabu na mwaka wa 1922, utakuwa salama.

## Farasi alitokea wapi

5. Maneno haya yalianza kuonekana lini?

Dokezo la zamani zaidi lililopatikana na wachunguzi wa nukuu ni la mwaka 1999, katika jarida la biashara ya meli za kitalii. Mbunifu wa meli, John McNeece, alikuwa akieleza ugumu wa kujua watu wanataka nini kwa kuwahoji. Akatoa mfano: kama Henry Ford angewahoji watu iwapo atengeneze gari, huenda wangemwambia kwamba wanachotaka hasa ni farasi mwenye mbio zaidi.

McNeece hakudai kwamba Ford alisema lolote. Alikuwa anawaza kwa sauti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sentensi ikaanza kuonekana ikiwa kinywani mwa Ford mwenyewe.

6. Imekuwaje wazo la mtu likageuka kauli ya mwingine?

Kwa mabadiliko ya herufi chache. Tazama:

Ford *angewauliza* watu, *wangemwambia* wanataka farasi mwenye mbio zaidi.

*Ningewauliza* watu, *wangeniambia* wanataka farasi mwenye mbio zaidi.

Kiambishi *a-* kimekuwa *ni-*, na *-mw-* imekuwa *-ni-*. Basi. Sentensi ya kwanza ni dhana ya mtu anayemfikiria Ford, ya pili ni Ford anayejisimulia. Msikilizaji aliyeisikia ya kwanza ukumbini akaenda kuisimulia ofisini kesho yake, hata bila nia mbaya, anaweza kutoa ya pili. Neno “huenda” ndilo huanguka la kwanza njiani.

Kwa lugha ya kila siku tungesema Ford amelishwa maneno. Lakini kulisha maneno mara nyingi kuna hila ndani yake, na hapa hakuna dalili ya hila. Ni masimulizi tu yaliyopoteza mwenyewe. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili halikuwapo, likaja.

7. Kwa nini Ford, na si mtengenezaji mwingine?

Chanda chema huvikwa pete. Maneno mazuri yasiyo na mwenyewe hutafuta mtu mwenye jina. Ya hekima ya sayansi humwendea Einstein, ya vita na ukaidi humwendea Churchill, ya magari na viwanda humwendea Ford. Mwandishi wa Uingereza Nigel Rees ameupa mwendo huu jina linalotokana na Churchill mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayebandikwa nukuu nyingi zaidi.

Tena Ford alikuwa mkaidi kweli, na alishikilia gari moja kwa karibu miaka 20. Nukuu inamkaa mwilini. Ndiyo hatari yake: kauli inayomfaa mtu hupita bila kuulizwa kitambulisho.

8. Lakini Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Apple, aliinukuu. Hiyo si hoja?

Ni hoja kwamba Jobs aliisikia. Katika wasifu wake ulioandikwa na Walter Isaacson na kutoka 2011, Jobs anamtaja Ford na farasi wake, naye anaanza kwa kusema kwamba *anadhani* Ford aliwahi kusema hivyo. Wengi wanaonukuu wanalikata neno hilo.

Kauli ya Jobs mwenyewe, iliyochapishwa na jarida la BusinessWeek mwaka 1998, ni kwamba mara nyingi watu hawajui wanachotaka mpaka uwaonyeshe. Ukitaka kusema jambo hilo na uwe na mtu wa kumtaja, hiyo hapo, ina jarida na ina mwaka. Farasi muache apumzike.

9. Hata kama hakusema, si ina ukweli ndani yake?

Swali hili hurudi kuliko yote, na mimi nadhani jibu ni hapana, angalau kwa habari za Ford.

Kwanza, Ford hakuvumbua gari. Karl Benz alipewa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya gari lake Ujerumani mwaka 1886. Model T ilipoingia sokoni Oktoba 1908, Wamarekani walikuwa wameshayaona magari. Ungemsimamisha mtu barabarani na kumuuliza, angeweza kukujibu vizuri tu kwamba anataka gari analoweza kulinunua, na lisilokwama kwenye matope. Ndilo Ford alilomtengenezea. Bei ilianza karibu dola 850, na katika miaka ya 1920 ikashuka chini ya dola 300, hasa kutokana na mstari wa uunganishaji unaotembea uliowekwa kiwandani Highland Park mwaka 1913.

Pili, kutosikiliza ndiko kulikomgharimu. Katika miaka ya 1920 kampuni shindani ya General Motors, chini ya Alfred Sloan, ilikuwa ikiwapa wateja rangi mbalimbali, sura mpya za magari na malipo ya awamu. Ford alishikilia Model T ile ile. Mwaka 1927, baada ya magari milioni 15, ilibidi asimamishe uzalishaji wake na kukaa miezi kadhaa bila gari jipya mpaka Model A ilipotoka Desemba. Patrick Vlaskovits, mwandishi wa vitabu vya biashara, aliijenga hoja inayofanana na hii katika jarida la Harvard Business Review mwaka 2011: kwa Ford, hadithi ya farasi inafundisha kinyume cha inachodaiwa kufundisha.

## Kuhakiki mwenyewe

10. Nimekutana na nukuu ya mtu maarufu. Nianzie wapi?

Anza kwa kuuliza: alisema wapi, na lini? Nukuu iliyo hai ina kitabu na ukurasa, au hotuba na tarehe, au barua na aliyeandikiwa. Iliyo na picha na jina pekee ni mtuhumiwa.

Kisha tafuta kipande kifupi cha maneno, kati ya matatu na sita, ukikifunga kwa alama za nukuu, kwenye Google Books, kwenye Internet Archive na kwenye hifadhi za magazeti ya zamani. Usifunge sentensi nzima, kwa sababu ikiwa imebadilika neno moja hutaipata. Chagua maneno ambayo hayana budi kuwamo. Kwa nukuu hii ni yale ya “farasi mwenye mbio zaidi”, yaliyobaki hubadilika. Halafu rudisha mwaka nyuma hatua kwa hatua mpaka matokeo yakauke. Pale yanapokaukia ndipo penye hadithi.

Mwisho angalia mwaka wa kufa wa anayetajwa. Ikiwa maneno yanaonekana mara ya kwanza miaka 50 baada ya mazishi, na hakuna barua wala shajara iliyofukuliwa, umeshajibiwa.

11. Ninayo kwa Kiswahili tu. Nitaitafutaje?

Irudishe kwenye lugha ambayo msemaji angeitumia, kwa namna tatu au nne tofauti, kwa sababu hujui mfasiri alianzia wapi. “Mbio” inaweza kuwa ilikuwa kasi, inaweza kuwa ilikuwa wepesi. Shika nomino, kwani mfasiri hucheza na vitenzi lakini farasi hubaki farasi.

Usishangae ukikuta tafsiri imepambwa. Nukuu ikivuka lugha hupenda kuokota methali njiani.

12. Google Books inanionyesha kitabu cha 1911 chenye maneno haya. Nimegundua kitu?

Pole, huenda hujagundua. Majarida hutiwa kwenye mfumo kama mfululizo mmoja, na mwaka unaoonyeshwa mara nyingi ni wa toleo la kwanza la jarida, si wa toleo ulilolipata. Unaona kijipande cha mistari mitatu na juu yake 1911, moyo unakudunda. Ukitafuta ndani ya juzuu hilo hilo maneno kama “intaneti” au “kompyuta” yanajitokeza, tena ukurasa wa jirani.

Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kulijaribu juzuu: tafuta humo kitu ambacho mwaka huo hakikuwapo. Kisha pata picha ya ukurasa wa jina na ya ukurasa wenye nukuu. Bila hizo mbili, mwaka ni uvumi.

13. Tovuti za nukuu zinaaminika?

Zile zinazopanga misemo kwa jina la mtu bila chanzo, hapana, zinanakiliana. Tovuti 40 zenye kosa moja ni shahidi mmoja. Wikiquote ni afadhali kwa sababu kurasa zake nyingi hutenga nukuu zenye chanzo na zile zenye shaka au zilizobandikwa kimakosa. Soma kichwa cha sehemu kabla ya kunakili. Quote Investigator huonyesha safari ya msemo kwa tarehe, na ndiko wengi wanakopatia ile habari ya 1999.

14. Nikiuliza programu ya akili mnemba je?

Inaweza kukusaidia kupata maneno mbadala ya kutafutia. Kama shahidi haifai: inaweza kukutajia kitabu, sura na ukurasa kwa utulivu wote, na ukurasa huo usiwe na kitu. Ikikupa rejea, ifungue.

15. “Hakuna ushahidi” si sawa na “hakusema”. Mnajuaje hakulisema mezani kwake?

Hatujui. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba mtu hakutamka sentensi fulani maishani mwake. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai, na jina la Ford ndilo dai.

Pia ukimya una uzito tofauti. Kwa mtu ambaye maneno yake hayakuandikwa, ukimya hausemi mengi. Kwa mtu aliyefuatwa na waandishi wa habari maisha yake yote, tena kwa sentensi tamu kiasi hiki, ukimya wa zaidi ya miaka 50 unasema. Uandishi wa haki ni: “hubandikwa kwa Ford, bila ushahidi.”

## Nukuu nyingine za jamii hii

16. Ni kweli mkuu wa ofisi ya hataza ya Marekani alisema kila kitu kimeshavumbuliwa?

Charles Duell, aliyeiongoza ofisi hiyo mwishoni mwa karne ya 19, ndiye anayesingiziwa, na mwaka unaotajwa ni 1899. Hakuna ripoti yake yenye maneno hayo. Mzaha unaofanana sana ulichapishwa na jarida la vichekesho la Uingereza, Punch, wakati huo huo. Mtangulizi wake, Henry Ellsworth, aliwahi kuandika mwaka 1843 kwamba kasi ya uvumbuzi inaashiria kuja kwa siku ambayo maendeleo ya binadamu yatakoma. Ilikuwa pambo la mshangao katika ripoti iliyosifia wingi wa kazi, ila ukiikata vizuri inageuka upumbavu.

17. Na mkuu wa kampuni ya kompyuta ya IBM aliyesema dunia inahitaji kompyuta tano?

Thomas Watson, 1943, ndivyo inavyosimuliwa. Haijapatikana. Kinachojulikana ni kwamba mwaka 1953 mwanawe, Thomas Watson Mdogo, aliwaeleza wenye hisa kwamba walizungukia kampuni 20 na mpango wa mashine ya IBM 701, wakitarajia oda 5, wakarudi na 18. Tano ipo. Ila ni ya mashine moja, na habari yenyewe ni ya furaha.

18. Bill Gates wa Microsoft na kilobaiti 640 za memori ya kompyuta?

Amekana mara kadhaa kwamba aliwahi kusema zinatosha kila mtu, na hakuna aliyeleta chanzo. Kukana kwa mhusika peke yake si ushahidi, maana watu hukana ya kweli pia. Hapa kunakubaliana na ukimya wa kumbukumbu.

19. Darwin alisema anayesalimika si mwenye nguvu bali anayebadilika?

Hapana. Maneno yanatoka kwa Leon Megginson, profesa wa menejimenti wa Louisiana, aliyekuwa akieleza mwaka 1963 anavyomwelewa Darwin. Ni kisa cha farasi tena: mtu anafafanua, msikilizaji ananukuu. Tazama la 6.

20. Kuna yoyote iliyo ya kweli?

Zipo. Arthur C. Clarke, mwandishi wa hadithi za kisayansi, kweli aliandika kwamba teknolojia iliyoendelea vya kutosha haitofautiki na uchawi. Na lalamiko kwamba maandishi yatawafanya watu wasahaulifu limo katika *Phaidros*, kitabu cha mazungumzo cha Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Ila hapo andika kwa uangalifu: ni Plato anayemwandika mwalimu wake Socrates, anayesimulia maneno ya mfalme Thamus wa Misri. Tabaka tatu, na aliyeandika ni mmoja.

## Baada ya kujua

21. Nimeshaitumia kwenye wasilisho. Nifanyeje?

Karibu kwenye kundi. Mimi niliiweka kwenye slaidi ya kwanza kabisa, kwa herufi kubwa, na picha ya Ford akiwa na kofia. Aliyeniuliza chanzo alikuwa mtu wa mwisho kunyoosha mkono, na sikuwa na jibu.

Rekebisha slaidi, basi. Kama msemo unakusaidia, uache lakini uondoe jina. Kiswahili kimetuzoesha hili: tunasema “wahenga walisema” na hakuna anayedai ukurasa, kwa sababu hatujambebesha mtu yeyote. “Kuna msemo wa siku hizi kwamba...” inatosha. Kama unalihitaji jina la Ford ili hoja isimame, tumia asilimia 5 na 95 (swali la 3).

22. Nikipata ushahidi wa kabla ya 1999?

Utakuwa umewashinda wengi. Kinachotakiwa ni picha ya ukurasa wenye maneno, picha ya ukurasa wa jina yenye mwaka, na sentensi mbili tatu za kabla na za baada, ili ionekane kama mwandishi anamnukuu Ford au anamfikiria tu. Angalia hasa kama kitenzi kinaanza na *ni-* au *a-*.